MAWE YA ZAITUN NA WATOTO WA NAGASAKI



Miezi michache iliyopita alikuja kunitazama mtu mmoja niliyemsomesha Qur'ani alipokuwa mtoto. Leo ni mtu mzima mwenye watoto wake. Kazi yake ni ya jikoni katika meli za matembezi, zile meli kubwa mfano wa mtaa mzima unaoelea, zinazochukua wenye nafasi na wazee waliostaafu kuwazungusha duniani. Alikuwa ametoka safari ya Mashariki ya Mbali. Katika majira ya machipuko, mwezi wa Machi na Aprili, baridi inapopungua na miti ya sakura inapochanua huko Japani, meli yao hutoka Hong Kong, ikapita Xiamen katika nchi ya China, kisha Okinawa, Nagasaki na Kobe. Kila bandari abiria hushuka asubuhi, hupakiwa katika mabasi, huonyeshwa mahekalu, ngome na makaburi ya kale, wakapiga picha, na kabla ya magharibi wamekwisha kurudi chomboni kula.

"Maalim," aliniambia, "mara mbili nilipata ruhusa ya kushuka, na kuna jambo limenikaa moyoni. China nimeona makaburi yamechongwa aya za Qur'ani, khati yake nzuri kuliko ya kwetu, na wengi wanaoishi jirani nayo hawajui hata bismillahi. Japani nimeona kanisa, nikaambiwa watu wake walikaa miaka zaidi ya mia mbili bila padri wala jengo, na dini yao hawakuiacha. Vipi hawa waliokuwa na misikiti ya mawe wakasahau, na wale wasiokuwa na kitu wakakumbuka?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe muda nitazame vitabu. Haya ndiyo niliyoyakuta, nami nayaweka mbele yako, kwani suala lake si la China wala la Japani peke yake. Mwenyezi Mungu ametuamrisha mara nyingi tutembee katika ardhi tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Kutembea si aibu. Aibu ni kutembea ukarudi na picha tu.

BANDARI YA ZAITUN

Mji wenye historia katika upande ule si Xiamen, bali ni Quanzhou, ulioko kaskazini yake, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari. Waarabu na Waajemi waliuita Zaitun. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Zaitun kiasi cha miaka kumi na tano baadaye. Ameeleza kwamba, juu ya jina lake, mji huo haukuwa na mizaituni. Hakika jina hilo latokana na Citong, mti wa maua mekundu uliopandwa kuuzunguka mji. Bandari yake aliihesabu miongoni mwa bandari kubwa kabisa duniani. Aliona majahazi makubwa kiasi cha mia moja, na madogo yasiyo idadi. Waislamu walikuwa na makazi yao mbali na wengine. Walikuwa na kadhi, walikuwa na sheikh mkuu, walikuwa na wafanya biashara waliotoka Tabriz, na nje ya mji palikuwa na zawiya.

Hakusema uongo. Mwaka 1974 wachimbuzi walifukua katika matope ya bandari hiyo jahazi lililozama katika karne ya 13. Ndani yake walikuta magogo ya miti ya manukato, pilipili manga na ubani. Na katika mji wenyewe umesimama Msikiti wa Ashab, uliojengwa mwaka 400 wa Hijra, yaani 1009 au 1010, ukatengenezwa upya mwaka 710 wa Hijra na Ahmad bin Muhammad, mtu wa asili ya Shiraz. Msomaji wa Kilwa au wa Pemba jina hilo la Shiraz si geni kwake. Lango la msikiti huo ni la mawe, refu, lenye upinde uliochongwa kwa ustadi. Kuta za ukumbi wa kusalia zingalipo, na aya zingalipo. Lakini ukumbi hauna paa. Mtalii anayeingia hutazama mbingu.

Nje ya mji, katika kilima cha Lingshan, yapo makaburi mawili ambayo wenyeji husimulia kuwa ni ya Masahaba waliofika China. Karibu yake lipo jiwe la mwaka 1417, la ukumbusho wa ziara ya Zheng He, amiri wa merikebu za mfalme wa China. Zheng He alizaliwa mwaka 1371 katika jimbo la Yunnan, katika nyumba ya Kiislamu, baba yake na babu yake wote wakiitwa Haji. Alizuru makaburi hayo alipokuwa akijitayarisha kwa safari yake ya tano, na katika safari hiyo hiyo merikebu zake zilifika Mogadishu, Barawa na Malindi. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1415, wajumbe wa Malindi walikuwa wamempelekea mfalme wa China twiga. Basi ukienda Mambrui au Kunduchi ukaona sahani za kauri ya China zilizopachikwa katika nguzo za makaburi ya wazee wetu, ujue kwamba bahari iliyowatajirisha wao ndiyo iliyowatajirisha watu wa Zaitun. Tulikuwa majirani, kila mmoja katika ncha yake ya bahari.

Jee, watu hawa walipoteaje? Usidhani kwamba adui alitoka mbali akawavamia siku moja. Mwanzo wa maangamizi yao ulikuwa ndani ya utajiri wao wenyewe. Mwaka 1276, Wamongolia walipokuwa wakiuangusha utawala wa Song, Mwislamu mmoja aitwaye Pu Shougeng, tajiri mwenye merikebu nyingi na msimamizi wa biashara ya bahari, aliutoa mji kwa Wamongolia, na jamaa wengi wa ukoo wa kifalme waliokuwa wakiishi mjini humo wakauawa. Wamongolia wakamlipa cheo. Chini ya utawala wao wageni waliwekwa juu ya wenyeji wa kusini, katika kazi za serikali na katika kukusanya kodi. Waislamu wa Zaitun wakanawiri, misikiti ikaongezeka, na chini ya kunawiri huko chuki ikawa inamea kama mizizi ya mbuyu chini ya nyumba.

Mwaka 1357 kikosi cha askari wa Kiajemi kilichokuwa mjini kiliasi, kikaushika mji na mashamba yake. Wakuu wao walikuwa Sayf al-Din na Amir al-Din. Fitna hiyo ilidumu karibu miaka kumi, na katikati yake wakageukiana wao kwa wao, hata Amir al-Din akauawa, na muuaji wake alikuwa jamaa wa ukoo ule ule wa Pu. Mwaka 1366 jeshi la serikali likaingia. Hapo wageni wakauawa kwa kutambuliwa sura zao, mwenye hatia na asiye hatia. Misikiti ikabomolewa, makaburi yakafukuliwa. Mawe yaliyochongwa majina ya Allah yakatiwa katika misingi na katika ukuta wa mji kama mawe mengine. Miaka miwili baadaye ukasimama utawala wa Ming, na mwaka 1371 biashara ya bahari ya watu binafsi ikapigwa marufuku. Bandari iliyokuwa na majahazi yasiyo idadi ikaachiwa wavuvi.

KISA CHA UKOO WA DING

Waliosalimika walikimbilia vijijini. Miongoni mwao ni ukoo ulioweka makazi katika kijiji cha Chendai, karibu na bahari. Walichukua jina la Kichina, Ding, nalo lasemekana kuwa ni kipande cha mwisho cha majina kama Shams al-Din. Hilo "Din" likabaki katika jina. Sasa sikiliza lililokuwa la dini yenyewe.

Katika karne ya 16 mtu wa ukoo huo, Ding Yanxia, aliandika maelezo mafupi juu ya dini ya wazee wake, nayo yamehifadhiwa katika kitabu cha nasaba yao. Anaeleza aliyoyaona utotoni. Maiti wakizikwa upesi bila ya sanduku. Watu wakikusanyika wakielekea magharibi kuabudu. Mwezi mmoja katika mwaka wakifunga mchana kutwa. Hawakula nyama ila waliyoichinja wenyewe, na nguruwe hawakumla. Kisha anaeleza jinsi mambo hayo yalivyobadilika moja baada ya moja mbele ya macho yake, hata yakafanana na ya majirani.

Katika maelezo hayo kuna jambo moja lililonifanya nifunge kitabu nikakaa kimya. Anasema kwamba wazee hao walikuwa wakisoma kitabu chao katika furaha na katika misiba, wakiifuata sauti ya kigeni kama walivyoipokea, bila kujua maana yake, wala hawakutaka kuijua.

Leo watu wa ukoo huo ni maelfu mengi. Wana jumba la mababu, na husemwa kwamba lilipangwa kwa mfano wa herufi ya Kichina inayomaanisha Hui, jina waitwalo Waislamu wa China. Mwaka 1979 serikali iliwatambua rasmi kuwa ni katika kaumu hiyo ya Hui. Lakini wengi wao hawasali wala hawafungi. Wanawatolea mababu sadaka za vyakula kama wafanyavyo Wachina wenzao, ila katika sadaka hizo hawaweki nyama ya nguruwe, kwani mababu hao walikuwa hawaili. Tazama, ndugu yangu! Swala imekwenda, saumu imekwenda, Kitabu kimekwenda. Imebaki heshima ya sahani ya marehemu.

Usiwacheke. Walikuwa watu wa khofu, waliohitaji kuficha asili yao ili watoto wao waishi. Nawe hujui ungelifanya nini katika khofu kama hiyo.

Na mawe je? Mawe yalidumu. Katika miaka ya kabla ya Vita Vikuu vya Pili, kuta za mji zilipokuwa zikibomolewa, mwalimu mmoja wa skuli, Wu Wenliang, alikuwa akiyatafuta mawe yale yaliyochongwa, akiyakusanya na kuyanakili. Kitabu chake kilitoka mwaka 1957, na leo mawe hayo yamo katika jumba la makumbusho la mambo ya bahari la Quanzhou. Mwaka 2021 mji huo, pamoja na mahali pake 22 pa historia, uliingizwa katika orodha ya turathi za dunia. Watalii hushuka kutoka melini wakayapiga picha. Jiwe limehifadhiwa, na mjukuu wa mwenye jiwe hawezi kulisoma.

NAGASAKI

Sasa tupande meli tena, tuelekee kaskazini mashariki mpaka Japani. Bandari ya Nagasaki ilifunguliwa kwa Wareno mwaka 1571, wale wale waliozipora Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Walikuja na bidhaa na mapadri, na wenyeji wengi wakabatizwa. Watawala wa Japani wakaingiwa na khofu kwamba nyuma ya msalaba unakuja upanga. Mwaka 1597 Wakristo 26 walisulubiwa Nagasaki. Mwaka 1614 dini yao ikapigwa marufuku nchi nzima. Baada ya maasi ya Shimabara ya mwaka 1637 na 1638, Wareno wakafukuzwa. Katika Wazungu waliachiwa Waholanzi peke yao, nao tangu mwaka 1641 wakafungiwa katika Dejima, kisiwa kidogo kilichotengenezwa kwa mikono. Watalii huonyeshwa kisiwa hicho hata leo, ijapokuwa bahari iliyokizunguka imekwisha kufukiwa.

Wenyeji wa Nagasaki wakawa wanaitwa mbele ya wakubwa na kuamrishwa wakanyage sanamu ya dini ile, ili ijulikane nani Mkristo. Asiyekanyaga huadhibiwa. Makanisa yakabomolewa, na mapadri wakauawa au wakafukuzwa, hata hakubaki hata mmoja.

Wakulima na wavuvi wa Urakami na wa visiwa vya karibu walifanyaje? Waligawana kazi. Mmoja alihifadhi kalenda, akijua siku za saumu na za sikukuu. Mmoja alibatiza watoto. Mmoja alipeleka khabari nyumba kwa nyumba. Dua zikapokewa kwa mdomo, mzazi kwa mwana, ndani ya nyumba. Wakiusiana pia kwamba baada ya vizazi saba watakuja tena mapadri.

Mwaka 1864 Wafaransa walijenga kanisa katika kilima cha Oura, juu kidogo ya pale zinapofunga meli za matembezi siku hizi, kwa ajili ya Wazungu wageni. Tarehe 17 Machi 1865, katika majira haya haya ya machipuko, kikundi cha watu wa Urakami kiliingia kana kwamba kinatazama jengo. Mwanamke mmoja akamsogelea padri Bernard Petitjean, akamnong'oneza kwamba wao na yeye moyo wao ni mmoja, akauliza iko wapi sanamu ya Bibi Maryam. Padri akastaajabu. Vizazi saba vilikuwa vimepita. Hata hapo adhabu haikuwa imekwisha: zaidi ya watu 3,000 wa Urakami walihamishwa makwao, na zaidi ya 600 wakafa uhamishoni, mpaka marufuku ilipoondolewa mwaka 1873. Waliorudi wakajenga kanisa kubwa kwa mikono yao. Tarehe 9 Agosti 1945 Marekani ikaangusha bomu la atomiki, na kanisa hilo, lililokuwa kiasi cha nusu kilomita kutoka pale bomu liliporipuka, likateketea pamoja na maelfu ya watu wake. Waliobaki wakalijenga tena.

Itikadi zao si zetu, na yaliyo baina yetu na wao yanajulikana. Lakini subira ni subira, na mwenye akili huchukua mazingatio popote ayaonapo.

Kisa hiki kina sehemu ya pili ambayo watalii aghlabu hawaisikii. Marufuku ilipoondoka, si wote waliorudi kanisani. Katika kisiwa cha Ikitsuki na kwengineko wako walioendelea na desturi yao ya siri kama walivyoirithi. Dua zao ni maneno ya Kilatini na Kireno yaliyochanganyika na Kijapani, yaliyopita vinywani mwa vizazi hata maana ya mengi ikapotea, ikabaki sauti. Maadamu palikuwa na khofu, sauti hiyo iliwafunga pamoja. Khofu ilipoondoka, na vijana wakaenda mijini kutafuta kazi, wengi hawakuona sababu ya kuibeba sauti wasiyoijua isemalo. Leo waliobaki ni wachache sana, na wengi wao ni wazee.

JAWABU

Basi jawabu la suala la mwanafunzi wangu ni hili. Mawe hayahifadhi kitu ila herufi. Watu wa Nagasaki walikumbuka kwa sababu kila nyumba ilikuwa darasa, na kila kazi ya dini ilikuwa na mtu mwenye kuijua na mwengine wa kumrithi. Watu wa Chendai walisahau, na mmoja wao ametueleza ufa ulikuwa wapi: sauti ilipokewa, maana haikuulizwa. Na ufa huo huo ndio unaowamaliza wale wa Ikitsuki. Sauti bila maana huweza kudumu karne nyingi, lakini siku mtoto atakapouliza "kwa nini?" na asijibiwe, siku hiyo imekwisha.

Hapa, ndugu msomaji, sina budi kusema la kwangu. Nimesomesha miaka zaidi ya arubaini. Nimesomesha kama nilivyosomeshwa: alif, be, te, juzuu amma, kisha kupanda mpaka khitma. Mwanafunzi huyu alipokhitimu alivishwa kanzu mpya, mama yake akapika pilau, majirani wakaalikwa, nami nikapewa hidaya yangu nikafurahi. Aliponizuru mara hii nilimwuliza kama husali huko baharini. Akanijibu, "Nasali, Maalim, lakini nilifika umri wa miaka thelathini ndipo nilipojua Alhamdu inasema nini. Mhindi mmoja tuliyekuwa naye jikoni ndiye aliyenieleza." Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu atoaye khabari. Lakini ilinichoma, kwani nilikuwa naye miaka sita, akikaa mbele yangu juu ya mkeka kila siku ila Ijumaa, nami sikumweleza.

Sisemi kwamba kuisoma Qur'ani bila kujua maana hakuna thawabu. Kusoma kwake ni ibada, na anayeihifadhi herufi amehifadhi amana kubwa. Nasema kwamba amana hiyo ina nusu ya pili, na sisi walimu na wazazi wengi tumeiacha nusu hiyo sandukuni. Tena watu wa Chendai walikuwa na udhuru: mbali na wanavyuoni, katikati ya khofu. Sisi udhuru wetu ni upi? Tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, kwa Kiswahili safi, ilitoka kamili tangu mwaka 1969, na baada yake zimetoka nyengine. Hapana anayetukanyagisha sanamu. Hapana anayetuwinda kwa sura zetu.

Wala tusiseme "tuna misikiti." Gedi wana msikiti, Kilwa Kisiwani wana msikiti, na watalii hushushwa huko pia wakapiga picha.

Kwangu mimi nimeanza jambo dogo. Kila Jumatano baada ya alasiri watoto hufunga misahafu, tukachukua sura moja fupi, kila mtoto akaeleza kwa maneno yake inataka nini kwake. Wiki ya kwanza walinyamaza wote. Sasa huuliza mpaka magharibi ikaingia, na baadhi ya masuala yao hunilazimisha nirudi kitabuni kabla ya kuwajibu. Nawe mzazi, baba au mama, huhitaji kuwa sheikh. Usiku mtoto anapolala mwulize ile sura aliyoisoma leo inasema nini. Kama hajui na wewe hujui, tazameni pamoja. Yule mwanamke wa Urakami hakuwa padri, na waliomfundisha hawakuwa mapadri. Walikuwa wazee wake.

Mwanafunzi wangu amekwisha kurudi melini. Kabla ya kuondoka alimleta mwanawe wa miaka tisa, akamkalisha juu ya mkeka ule ule, akaniambia, "Maalim, huyu mweleze." Nimekubali, na namwomba Mwenyezi Mungu anipe umri wa kutimiza.

Wabillahi tawfiq.